Hema Lililonitia Adabu Ruiru

Sisi watu wa Pwani, tukitajiwa hema, akili hutukimbilia arusini, matangani au Mina. Hema la kulala kwa starehe, mtu akaacha kitanda chake kwa hiari, wengi wetu tunaliona ni mambo ya maskauti. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka wapwa zangu wawili waliponishika shati nikawalaze nje likizo ya Aprili.

Nilinunua hema rahisi kwa sababu moja tu: rangi yake ilinipendeza. Tukalisimamisha Ruiru, kiwanjani kwa shemeji yangu, bondeni, mahali palipotandaa kama mkeka. Sikukumbuka kwamba Aprili ni masika, wala kwamba ule udongo mweusi wa pande za Ruiru na Juja ukishashiba maji hauyamezi tena. Saa nane za usiku mvua ikashuka. Maji yakapita mishononi, mengine yakaingia kwa chini, magodoro yakalowa chepechepe. Mpwa wangu mdogo, ambaye ana pumu, akaanza kubanwa na kifua. Nilimbeba mgongoni gizani, nikaenda kumgongea shemeji mlango. Alipata nafuu, alhamdulillahi, lakini maneno aliyonipa dada yangu asubuhi yake sitayaandika hapa.

Tangu hapo nikaanza kuuliza na kusoma. Niliyojifunza ni haya.

Kwanza, kitambaa. Turubai la pamba likilowa nyuzi zake hufura zikaziba matundu, lakini ni zito kubeba. Nailoni na poliesta ni nyepesi, nazo hupakwa dawa ya kuzuia maji. Kipimo chake huandikwa kwa milimita: ni kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kupenyeza. Milimita 1,500 zatosha mvua ndogo. Kwa masika ya bara tafuta 3,000, na sakafu isipungue hapo. Langu halikuandikwa chochote.

Pili, mishono. Palipopita sindano pana tundu. Ligeuze hema utazame kama mishono imebandikwa utepe kwa ndani. Kama haikubandikwa, ipake dawa yake. Kisha lijaribu nyumbani kwa mpira wa maji kabla ya safari.

Tatu, kifuniko cha juu. Kishuke karibu na ardhi, wala kisigusane na hema la ndani. Usizibe madirisha yote kwa kuogopa mvua, kwani pumzi za walalao hugeuka maji, ukadhani hema limevuja. Na turubai la kutandika chini lisitokeze nje, maana litakinga mvua na kukuletea ubavuni.

Nne, mahali. Chagua mwinuko mdogo. Epuka bonde, ukingo wa mto na mti mkavu.

Desemba, mvua za vuli zikiwa hazijaisha, nilimwomba dada tena. Alikubali kwa sharti moja: dawa ya kuvuta ya mtoto isitoke mfukoni mwangu. Tukaenda Kilimambogo, mashariki ya Thika, mlima wa mita 2,145 ambao ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1967. Jina lenyewe lakwambia nani mwenyeji: mbogo wapo, basi usiku hatoki mtu ovyo.

Mvua ilinyesha tangu isha. Kila nikishtuka nilipapasa sakafu kwa kiganja, kisha nikasikiliza kifua cha mtoto. Sakafu kavu, kifua kimetulia. Alfajiri tuliswali mle mle ndani, tumeelekea kaskazini na kuelemea mashariki kidogo, juu ya mikeka mikavu.

Nyumbani nililianika hema siku nzima, maana likikunjwa bichi huota kuvu, na dawa yake ya maji huharibika. Na pale tulipolala hatukuacha hata ganda la ndizi. Wazee walishasema: mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Wapwa zangu wameshaanza kuuliza tutarudi lini.