Kigae Kikingacho Chombo cha Angani

Usiku usio na mawingu, mtu aliyeko Kirua Vunjo, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, aweza kuona kimondo kikichora mstari wa mwanga na kutoweka. Chombo cha angani kirudicho duniani hupita njia hiyo hiyo. Hukutana na hewa kwenye kimo cha kilomita 120 hivi, yaani mara 20 ya kimo cha Kibo, kikienda kilomita 28,000 hivi kwa saa. Mbona hakiteketei?

Kwanza tujue chanzo cha joto. Ajazaye upepo gurudumu la baiskeli hutambua kuwa pampu hupata moto, kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto. Chombo nacho huibana hewa iliyo mbele yake kwa nguvu kubwa mno.

Kuna njia mbili za kujikinga. Ya kwanza ni ya Kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli lenye urefu wa mita 3 hivi, lililoko kusini-magharibi mwa Tanzania. Lilipoanguka, tabaka lake la nje liliyeyuka na kuondoka na joto. Ngao za vyombo vya Apollo zilifuata kanuni hiyo, nazo zilitumika mara moja tu.

Njia ya pili ni vigae. Vyombo vya Marekani vilivyoruka mara nyingi kati ya mwaka 1981 na 2011 vilivikwa maelfu ya vigae vya nyuzi za silika. Sehemu 9 katika 10 za kigae ni hewa, nayo hupitisha joto polepole sana. Uso wa nje uliweza kustahimili nyuzi 1,260 za Sentigredi, huku bati la alumini lililo chini likibaki chini ya nyuzi 180.

Lakini kinga ni nzima pale tu isipokuwa na pengo. Mwezi Januari 2003, wakati chombo Columbia kikirushwa, kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi, kikatoboa ukingo wa bawa la kushoto, mahali palipokingwa kwa mabamba ya kaboni. Tarehe 1 Februari, kilipokuwa kikirudi, hewa ya moto ilipenya hapo, na wanaanga wote 7 wakafa.

Wanafunzi wanaweza kujaribu kanuni hii. Jazeni maji ya moto katika makopo matatu yaliyo sawa. Moja liacheni wazi. Mawili yafungeni kwa majani makavu ya mgomba, na katika moja kati ya hayo acheni pengo dogo. Pimeni joto kila baada ya dakika 5. Je, pengo hilo lina gharama gani?