Vifo vya risasi Marekani: wanaojiua ni wengi kuliko wanaouawa

Nchini Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vya risasi ni vya watu waliojiua. Habari hazionyeshi hivyo, kwa sababu kamera hukimbilia mauaji ya halaiki, ambayo ni sehemu ndogo sana ya jumla. Kwa takwimu za CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, mwaka 2021 risasi ziliua watu 48,830, idadi kubwa kuliko zote zilizowahi kurekodiwa. Kati yao 26,328 walijiua na 20,958 waliuawa. Waliobaki walikufa kwa ajali, kwa risasi za polisi, au katika mazingira yasiyofahamika.

Makundi hayo mawili hayapandi wala kushuka pamoja. Mauaji yaliruka mwaka 2020, korona ilipoingia, kisha yakaanza kupungua mwaka 2022. Idadi ya wanaojiua haikupungua: mwaka 2023 ilifika takriban 27,300. Waathiriwa nao ni tofauti. Wanaouawa wengi ni wanaume weusi, hasa vijana. Wanaojiua wengi ni wanaume weupe, na viwango huwa juu zaidi vijijini. Bunduki ikifungiwa kabatini na risasi zikawekwa mbali, hatari hupungua, kwa kuwa msukumo wa kujiua mara nyingi hupita baada ya muda mfupi.