Muuguzi Anaposoma Huku Yuko Kazini

Katika bonde letu la Kilombero wapo wauguzi wanaofanya kazi mchana na kufungua madaftari usiku. Wana cheti, sasa wanatafuta stashahada. Lakini kuacha kazi na watoto wakakae bwenini hawawezi. Kwa hiyo wanasoma kwa masafa, yaani masomo yanawafuata walipo, katika vitabu au katika simu. Kwa siku zilizopangwa huitwa kuonana na walimu. Kazi ya mikono huifanya wodini, mbele ya msimamizi, maana sindano haichomwi kwenye karatasi.

Jirani zetu wa Kenya walilianza jambo hili kwa nguvu mwaka 2005. Wauguzi wao wa cheti walikuwa zaidi ya 20,000, na vyuo havikuwa na nafasi ya kuwachukua wote. Shirika la AMREF na Serikali yao wakapeleka masomo kwa kompyuta mpaka hospitali za mbali. Tanzania nayo, Wizara ya Afya iliweka kituo cha elimu kwa masafa mjini Morogoro.

Basi mbona wengine huanza kwa bidii, kisha wakaacha katikati?

Sisi tunaona sababu ya kwanza ni upweke. Darasani ukisinzia, mwenzako anakuamsha. Nyumbani wa kukuamsha ni wewe mwenyewe. Tena hapa Kibaoni kuna msimu. Mpunga ukianza kuiva, watu wanahamia shambani, wanakaa kwenye dungu kulinda ndege na nguruwe. Kitabu kinabaki nyumbani. Wiki tatu zikipita mtu anaona aibu kurudi, somo limemwacha. Ndugu, ukifikwa na hayo usijaribu kulipa wiki zote tatu kwa usiku mmoja. Anza pale ulipoachia, na umwambie mwalimu mapema kwamba umechelewa. Anayenyamaza ndiye anayepotea.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Hiyo nayo ilikuwa elimu ya masafa. Mwalimu alikuwa redioni, kitabu kilikuwa mkononi, na watu wapatao milioni mbili walisoma. Lakini hawakusoma mmoja mmoja! Walikaa vikundi, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Muuguzi wa leo afanye vivyo hivyo. Amtafute mwenzake hata mmoja, wakutane kila wiki siku ile ile. Kama yuko mbali, wapigiane simu na kuulizana maswali.

Sababu ya pili ni woga. Masomo hayo ni ya Kiingereza, na pengine mtu aliacha shule miaka mingi iliyopita. Ninyi mliohitimu kisomo mnaujua woga huu. Siku ya kwanza chaki ilitetemeka mkononi, na watoto wanachungulia dirishani.

Tuchukue mfano wa hesabu ya dripu, ambayo huwatisha wengi. Mgonjwa apewe lita moja ya maji kwa saa 8. Je, yadondoke matone mangapi kwa dakika? Lita moja ni mililita 1,000. Kama mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa kila mililita, jumla ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawa 20,000 kwa 480, unapata karibu matone 42 kwa dakika. Kumbe ni kuzidisha na kugawanya tu, kama tulivyofanya kwenye kisomo! Lakini muuguzi akikosea hapa, maji yakaenda mbio, mtoto mdogo anaweza kufa. Ndiyo sababu asiikimbie hesabu hii. Akokotoe mara kumi nyumbani, na wodini amwombe mwenzake aihakiki. Akishaona matone yanadondoka kama alivyokokotoa, woga unapungua wenyewe. Na akianguka mtihani mmoja, aulize alikosea wapi, asiulize kama ana akili.

Watu wa nyumbani nao wana sehemu yao. Maneno ya "eti mtu mzima bado anasoma" tuyaache. Mwanafunzi huyu anataka saa moja kila siku ambayo haitwi na mtu. Saa hiyo mume achote maji, watoto wapike. Tumewaona waume wanaofanya hivyo, na ndevu zao zipo pale pale.

Jambo la mwisho ni la fedha. Siku hizi matangazo ya vyuo ni mengi katika simu, na mengine ni ya walaghai. Kabla ya kulipa hata shilingi, uliza NACTVET kama chuo kimesajiliwa. Uliza pia Baraza la Uuguzi na Ukunga kama linaitambua stashahada yake. Ukilipa, lipa benki au kwa namba uliyopewa rasmi, na risiti uitunze pamoja na vyeti vyako.