Tusiipigie ramli Taifa Stars kwa matokeo ya vijana

Mtoto wa Busi, wilayani Kondoa, akiwa na kipaji, jina lake huanza kusikika kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, kisha UMISSETA ya sekondari. Akibahatika akaitwa Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, kijiji kizima kinaanza kumvika jezi ya Taifa Stars, timu ya wakubwa. Taratibu jamani.

Mei 2017, kwenye AFCON ya vijana huko Gabon, Serengeti Boys ya kocha Bakari Shime ilitoka suluhu na Mali, ikaichapa Angola 2-1, kisha ikalala 1-0 mbele ya Niger. Sare tu siku ile ingetupeleka Kombe la Dunia la vijana nchini India. Mali wakabeba ubingwa wa Afrika kwa mara ya pili mfululizo. Mwaka 2015 vijana hao wa Mali walikuwa wamefika hata fainali ya dunia. Kaka zao wa timu ya wakubwa je? Hawajawahi kucheza Kombe la Dunia wala kutwaa AFCON. Nigeria nao, mabingwa wa dunia mara tano kwa vijana, wakubwa wao hawajavuka 16 bora.

Kwetu ikawa kinyume. Aprili 2019 Serengeti Boys walipoteza mechi zote tatu za AFCON ya vijana Dar es Salaam, nyumbani. Juni hiyo hiyo Taifa Stars ikatua Misri, AFCON yake ya kwanza tangu 1980, ikiongozwa na Mbwana Samatta aliyeivia TP Mazembe, kisha Genk.

Kazi iko hapo katikati ya timu ya vijana na ya wakubwa, miaka 17 hadi 22. Dickson Job, nahodha wa kile kikosi cha Gabon, alipata namba Mtibwa Sugar, ndipo Yanga ikamchukua. Lakini kocha anayepigania kutoshuka daraja atamweka benchi kijana wa miaka 18 na kumpanga mkongwe. Simlaumu, kibarua chake kiko hatarini. Na umri nao! Mwaka 2005 tulienguliwa fainali za vijana za Gambia kwa kuchezesha aliyezidi umri. Ukishinda kwa nguvu za mtu mzima kati ya watoto, ushindi huo hautabiri chochote.

Kwa wasichana ngazi ni fupi zaidi. Serengeti Girls, wenzao wa kike wa Serengeti Boys, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la vijana 2022, wakiwa na Shime yuleyule. Mwaka 2025 akaiongoza Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, kwenye WAFCON, AFCON ya wanawake, nchini Morocco, yao ya kwanza tangu 2010. Binti anapangwa ligi kuu mapema, na kocha wa taifa anamjua tangu utotoni.