Haki Iliyovuka Mto Kagera

Mto Kagera, unaozitenga wilaya za Karagwe na Kyerwa za Tanzania na nchi ya Rwanda, ulibeba mwaka 1994 miili ya Watutsi waliouawa Rwanda hadi Ziwa Victoria, na muda mfupi baadaye Karagwe, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Kyerwa, ikapokea wakimbizi wa Kihutu ambao miongoni mwao walijificha baadhi ya wapangaji wa mauaji hayo. Yalikuwa mauaji ya kimbari, yaani yenye kusudi la kuliangamiza kundi la watu kwa sababu ya asili au dini yao, na mizizi yake ilikuwamo pia katika vitambulisho vya ukoloni wa Kibelgiji vilivyomwandikia kila mtu kabila lake.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu uhalifu huo wa Rwanda, iliyoketi Arusha, iliwashtaki watu 93 kabla ya kufungwa mwishoni mwa 2015; hata hivyo, haikumshtaki askari yeyote wa Rwandan Patriotic Front, kundi la waasi ambao wengi wao walikuwa Watutsi, ingawa baadhi yao waliwaua raia wa Kihutu kwa kisasi, na hapo ndipo penye dosari yake kubwa, kwa kuwa haki inayoangalia upande mmoja huwaachia wengine kinyongo.

Hata hivyo, kwa sheria ya kimataifa kosa la mauaji ya kimbari halifutwi na muda: Fulgence Kayishema, anayetuhumiwa kwa mauaji ya Watutsi zaidi ya 2,000 katika kanisa la Nyange, alikamatwa Afrika Kusini Mei 2023, miaka 29 baada ya mauaji hayo.