BMW 3 Series au Mercedes C-Class: ya kweli na ya vijiweni

Shemeji yangu ana hela ya gari moja. Ameitolea jasho la miaka sita ya kusafirisha mizigo, na ameapa kwamba safari hii hanunui chombo cha kumfikisha kazini tu. Anataka sedani ambayo akiiegesha, anageuka kuitazama kabla ya kuingia ndani. Zimebaki mbili: BMW 3 Series ya kizazi cha F30, iliyouzwa kuanzia 2012 hadi 2018, na Mercedes C-Class ya kizazi cha W205, iliyoanza 2014 ikakoma 2021. Zote ni za kuagiza Japani, usukani kulia, zimeshatumika.

Kwa wiki tatu amezunguka vijiwe na gereji, na kila alikopita amepewa hadithi. Nyingine ni za kweli. Nyingine zitamgharimu bei ya kiwanja. Nimezipitia moja baada ya nyingine, kwa sababu naona watu wanabishana juu ya nembo huku yanayoamua hatima ya mnunuzi yakiwa chini ya boneti na kwenye makaratasi.

"Namba ya nyuma ndiyo ukubwa wa injini."

Si kweli, na ndiyo hadithi inayowachanganya wengi siku ya kukadiria kodi. Zamani iliaminika, siku hizi imebaki mazoea. C180 ya W205 inayojaa kwenye minada ya Japani ina injini ya cc 1595. C200 ina cc 1991, na C250 ina cc zilezile 1991. Tofauti yao iko kwenye nguvu inayotolewa na turbo. Kwa BMW ni hivyohivyo: 320i na 328i za mwanzo zote ni cc 1997. Kisha mwaka 2018 Mercedes ikaiboresha W205, na C200 mpya ikashuka hadi injini ya lita 1.5 inayosaidiwa na mota ndogo ya umeme. Upande wa pili, 318i ya miaka ya mwisho ya F30 ina lita 1.5 na silinda tatu tu.

TRA, mamlaka ya mapato, haisomi beji. Inaangalia cc halisi, thamani ya gari na mwaka wa kutengenezwa. Ushuru wa bidhaa hupanda gari linapovuka cc 2000, na hizi zote nilizozitaja ziko chini ya mstari huo. Kinachowashitua watu ni umri: gari likipita miaka 8 linaongezewa ushuru mwingine, likipita 10 linaongezewa zaidi. Kwa hiyo gari la bei rahisi mnadani kwa sababu ya uzee linaweza kukutoa hela nyingi kuliko ulivyodhani likifika bandarini.

"BMW ni ya dereva, Benz ni ya bosi anayekaa nyuma."

Nusu. Zote mbili zinasukumwa na magurudumu ya nyuma. 320i ina nguvu farasi 184, C200 ina nguvu farasi 184, na zote hutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde saba na ushee. Hakuna abiria atakayehisi tofauti kutoka Mwenge hadi Posta. BMW imegawa uzito karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, na kwenye kona za Kitonga utaona inavyogeuka bila kusitasita. W205 imetulia zaidi, kelele za barabara haziingii sana, na dashibodi yake ilipotoka ilifanya ya F30 ionekane ya zamani. Hayo nayakubali.

Lakini anayesema Benz haijui mbio hajui historia. Mwaka 1983 Mercedes ilipeleka sedani yake ndogo, 190 E 2.3-16, kwenye uwanja wa Nardò kule Italia, ikakimbia kilomita 50,000 kwa wastani unaokaribia 248 kwa saa. Mei 1984, kiwanja kipya cha Nürburgring kilipofunguliwa, madereva nyota wa dunia waliwekwa kwenye magari hayohayo, yote ya aina moja, washindane. Bingwa Niki Lauda alikuwepo. Aliyeshinda ni kijana wa Kibrazili aliyekuwa bado anajulikana na wachache, Ayrton Senna. Lauda akashika nafasi ya pili. BMW ilileta M3 ya kwanza mwaka 1986, na kampuni hizo mbili zikaendelea kuwindana kwenye mashindano ya Ujerumani kwa miaka. C-Class ni mtoto wa ile 190. Ushindani anaobishania shemeji yangu kijiweni una miaka zaidi ya 40.

"BMW zote zinakata cheni."

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndani ya hadithi hii kuna ukweli mchungu na uongo mkubwa kwa pamoja.

Ukweli ni huu. Injini ya N20 iliyowekwa kwenye 320i na 328i za mwanzo ina mnyororo wa taimingi unaoongozwa na reli za plastiki. Plastiki ile huzeeka, hupasuka, na vipande vyake hudondoka kwenye sampu ya oili na kuziba mdomo wa pampu. Injini inakosa oili, au mnyororo unaruka meno, na hapo unazungumzia injini nzima. Wamiliki kule Marekani waliipeleka BMW mahakamani kwa jambo hilo, na kesi ikaishia kwenye makubaliano. Dalili unaweza kuisikia mwenyewe: sauti ya kuzomea au kulia kwa chuma upande wa mbele wa injini, inayopanda unapokanyaga mafuta.

Uongo uko kwenye neno "zote". BMW ilibadilisha sehemu zile, kisha kuanzia 2015 na 2016 ikaanza kuiondoa N20 na kuweka B48, injini nyingine kabisa na imara zaidi. Usikisie kwa mwaka wa gari, maana mabadiliko hayakuingia kila soko siku moja. Omba namba ya chasisi, iingize kwenye programu ya kusoma chasisi, itakupa jina la injini. Ni kazi ya dakika mbili. Anayeuza akikataa kukupa namba ya chasisi kabla ya malipo, mwache na gari lake.

Na Benz isijitape sana. Injini ya M274 iliyo kwenye C180 na C200 ina kasoro yake: oili huvuja kupitia sumaku zinazoongoza kemshafti, ikatambaa ndani ya nyaya za umeme polepole hadi kwenye plagi za kompyuta. Gari linaanza kuwasha taa za ajabu, fundi anabadilisha sensa moja baada ya nyingine, hela inakwenda. Ukikagua, chomoa plagi ya sumaku hizo uitazame. Ikiwa kavu, vizuri. Ikiwa na oili, unajua pa kuanzia mazungumzo ya bei. Injini hiyohiyo ikikwaruza kwa sekunde chache inapowashwa asubuhi ikiwa baridi, hilo nalo ni la kuulizia.

"Oili ya gia boksi ni ya maisha, usiiguse."

Uongo, na unaua gia boksi nzuri. BMW iliandika kwamba oili ya gia haina ratiba ya kubadilishwa. Lakini gia boksi ya F30, yenye gia nane, haikutengenezwa na BMW. Ilitengenezwa na ZF, na ZF wenyewe wanapendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Nani anaijua gia boksi kuliko aliyeiunda? Mercedes, kwa upande wake, imeiweka kazi hiyo kwenye ratiba ya matengenezo.

Hofu ya mafundi wetu inatokana na jambo la kweli. Wengi wamebadilisha oili, gari likaanza kugonga kila gia inapobadilika. Mara nyingi kosa halikuwa kubadilisha, lilikuwa namna ya kubadilisha: oili isiyo ya aina yake, au kipimo kilichosomwa gia boksi ikiwa baridi au imechemka mno. Gia boksi hizi hazina kijiti cha kupimia. Kipimo husomwa injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa kwenye joto maalumu, linaloonekana kwenye kompyuta. Tena, kwenye ile ya ZF ya F30 chujio limeunganishwa na sampu ya plastiki, kwa hiyo vinabadilishwa kwa pamoja. Fundi asiye na kompyuta ya kusoma joto asiifungue. Mshukuru, nenda kwa mwingine.

"Gari lenye kilomita chache ndilo zuri."

Si lazima. Gari la Tokyo lenye umri wa miaka tisa na kilomita 24,000 linameremeta kwenye picha. Lakini hesabu: ni wastani usiofika kilomita 10 kwa siku. Huenda liliwashwa kwenda sokoni na kurudi, injini haikupata joto la kutosha, unyevu ukabaki ndani ya oili, mipira ikakauka mahali pamoja. Lenye kilomita 75,000 za barabara kuu na daftari lenye mihuri ya kila mwaka linaweza kuwa na afya kuliko hilo.

Kitu cha kudai ni karatasi ya mnada. Japani magari mengi hupita minadani, na mkaguzi wa mnada hukaa na gari na kuandika alichokiona: alama ya jumla, kama 4 au 4.5, herufi ya hali ya ndani, na mchoro wa gari wenye alama za kila mkwaruzo. Herufi R mahali pa alama maana yake gari liliwahi kugongwa likatengenezwa sehemu ya mwili wake. Wapo wauzaji wanaotuma picha hamsini na kukataa karatasi moja. Karatasi hiyo ina thamani kuliko picha zote, na kilomita zilizoandikwa pale ulinganishe na zinazosomeka gari likishushwa.

Jambo jingine la Japani: ukaguzi wa lazima wa gari huanza mwaka wa tatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na una gharama. Ndiyo maana magari mengi huingia mnadani yakiwa na miaka mitatu, mitano, saba. Mwenye gari anaikwepa gharama hiyo, hakimbii ubovu.

"Barabara zetu zinayaua."

Yanayokufa ni tairi na rimu. Ukinunua lenye rimu za inchi 18 au 19 zenye tairi jembamba, kila shimo la Mbezi utalisikia kwenye mgongo, na bushi zitalipa. La inchi 17 linakaa sawa na matuta yetu. Magari mengi ya aina hizi huja na tairi za ranflati, ambazo ukipasukiwa huendelea kutembea takribani kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Kati ya Chalinze na Morogoro zitakuokoa. Kati ya Dodoma na Singida hesabu haitoshi, na ndani ya buti hakuna tairi la akiba. Kwa msafiri wa mikoani nashauri tairi za kawaida na tairi la akiba, hata likila nafasi ya begi.

"Beji ya M au AMG inalifanya kuwa jingine."

Hapana. M Sport na AMG Line ni bampa, rimu, usukani na wakati mwingine springi ngumu. M3 ya kizazi hicho ina silinda sita, turbo mbili na nguvu farasi 431. C63 ina silinda nane na nguvu farasi 476. Ni magari mengine, na bajeti nyingine.

"La Afrika Kusini si Mjerumani halisi."

Si kweli hata kidogo. Kiwanda cha Rosslyn, karibu na Pretoria, kilitengeneza 3 Series hadi 2018, na kiwanda cha Mercedes cha East London, hukohuko Afrika Kusini, kinatengeneza C-Class zinazouzwa nje ya bara hili. Waafrika wanaziunda, na zinanunuliwa na watu wenye macho makali.

"Spea zitakufilisi."

Zinaweza, ukinunua boksi lenye nembo kila mara. Lakini mikono ya chini ya magari haya mara nyingi imetoka Lemförder, shokapu Sachs, plagi na sensa Bosch. Kitu kilekile kikiwa kwenye boksi la aliyekitengeneza huwa na bei ya chini. Kinachofilisi ni spea bandia inayofungwa mara tatu, na maji ya bomba yanayotiwa kwenye rejeta badala ya kulanti. Kwa joto la Dar mfumo wa kupoza ndio wa kuchunga kuliko yote: mipira na matangi ya plastiki hukakamaa, na pampu ya maji ya N20 ni ya umeme, ikifa haitoi taarifa ndefu.

Shemeji aliniuliza mimi ningechukua ipi. Ana watoto watatu na kila mwisho wa mwaka anakwenda Moshi. Kama angekuwa anabeba familia mjini siku zote ningemwambia C200 ya 2017, bila kusita. Lakini anaipenda barabara, na safari ya Moshi huianza alfajiri kabla ya malori. Kwake nimesema 320i, kwa sharti la B48.

Jana usiku alinitumia namba ya chasisi ya tatu. Ya kwanza ilikuwa N20. Ya pili karatasi ya mnada ilikuwa na R. Hii ina B48, rimu za inchi 17, alama 4, na daftari lenye mihuri minne. Kilomita 71,000. Oili ya gia haijawahi kubadilishwa, kwa hiyo tumekwisha kuiweka kwenye hesabu.