Sura ya 6: Kukimbilia Gawio

Mbinu yenyewe inavutia. Unanunua hisa siku chache kabla daftari la wanahisa halijafungwa, jina lako linaandikwa, unaziuza mara moja, kisha gawio linakukuta kijijini Izimbya ukianika kahawa.

Lakini muulize mkulima yeyote wa Bukoba au Muleba: kibanja ambacho kahawa yake imeiva hakiuzwi kwa bei ya kibanja kilichokwisha kuchumwa. Hisa nazo ni hivyohivyo. Anayenunua akiwa amechelewa gawio hakubali kulipa bei ya jana.

Chukua Benki ya CRDB, ambayo kwa mwaka 2023 ilitoa gawio la shilingi 50 kwa hisa. Tuseme ulinunua hisa 1,000 kwa shilingi 500 kila moja. Gawio ni 50,000. Kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa kampuni zilizo sokoni inaondoa 2,500. Dalali na tozo za soko tuzikadirie asilimia 2 unaponunua, na asilimia 2 tena unapouza. Bei ikishuka kwa shilingi 50 zilezile, utauza kwa 450. Ukijumlisha kila kitu, umepoteza shilingi 21,500, na gawio umelipata! Ili fedha yako irudi tu, lazima upate mnunuzi wa shilingi 472 hivi.

Je, bei hushuka kwa kiasi kamili cha gawio? Si lazima. Mwaka 1970 watafiti Edwin Elton na Martin Gruber walichapisha uchunguzi wa soko la hisa la New York wakaonyesha kuwa bei ilishuka, kwa wastani, kama asilimia 78 ya gawio. Wao walihusisha tofauti hiyo na kodi. Hata hivyo, kwa mtu mwenye mtaji mdogo anayelipa tozo mara mbili, upenyo huo ni mwembamba mno.

Halafu kuna kalenda. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam mauzo hukamilika siku ya tatu ya kazi: ukinunua Jumatatu, hisa zinakuwa zako Alhamisi. Daftari likifungwa Jumatano, gawio ni la aliyekuuzia. Na kuuza nako kuna kazi yake. Bei ya hisa za kampuni ya bia ya TBL ilikaa palepale kwenye shilingi 10,900 kwa miaka kadhaa, kwa sababu hisa zilizokuwa zikizunguka zilikuwa chache. Kwenye hisa za namna hiyo mpango wa wiki moja unaweza kukufunga mwaka mzima, na ada ya mtoto haisubiri.

Kama ni lazima ufanye biashara ya muda mfupi, mimi naona nafasi iko mapema zaidi. Benki hutangaza hesabu za robo ya mwisho ya mwaka mwishoni mwa Januari, miezi kadhaa kabla ya mkutano mkuu ambao CRDB huufanya Arusha mwezi Mei. Faida ikiwa imepanda, gawio kubwa linaweza kufuata, na wengi bado hawajaanza kununua. Nunua hapo, kwa bei uliyoipanga mwenyewe. Wakati wenzako wanagombania hisa kabla daftari halijafungwa, wauzie. Gawio utaliacha, lakini limekwishalipwa ndani ya bei. Na kama bei haikupanda, pokea gawio lako, kaa na hisa zako. Usiuze kwa hasara eti kwa sababu ulipanga kuuza.